Mapendezi na Mapendo Katika Siku ya Noeli

(Maneno yaliyosemwa na katekista mukubwa wa parokia katika juma la Yubile ya miaka 50)



Kamati ya Yubile iliniomba niseme juu ya Noeli. Nilishangaa kidogo, kwa sababu tuko mbali na mwezi wa desemba, na wasemaji wengine wamepewa mambo makubwa: historia ya parokia, ndoa, mashirika hai. Lakini mama mumoja wa kamati alinijibu wazi: «Mwalimu, wewe ndiwe unayesikia matata ya Noeli kila mwaka. Utuambie tufanye nini.» Basi nimekuja kama mutu aliyesikia matata, si kama mwalimu wa teolojia.

Ni kweli kwamba mara tu Majilio yanapoanza, watu wanaanza kupiga hodi kwangu. Huyu anataka Misa ya usiku iwe saa sita kamili kama zamani. Yule anaomba iwe saa kumi na mbili ya jioni, kwani njia za usiku zinaogopesha na watoto wanasinzia. Wamama wa shirika moja wanataka kikwembe cha buluu, na wengine wamekwisha kununua cha kijani. Mwaka mumoja kulikuwa na mashindano makali juu ya pango la Noeli: liwekwe upande wa Bikira Maria ao upande wa Mutakatifu Yozefu? Nilimuuliza muzee aliyeleta kesi ile: «Na Mutoto mwenyewe alilala upande gani?» Alicheka, lakini hakuacha kesi yake.

Hayo ni madogo. Kesi nzito ni ile ya nyimbo, na wengi wenu munaikumbuka. Miaka miwili iliyopita, katika Misa ya usiku, kisha komunyo, korali ya wazee ilianza Adeste fideles kwa kilatini. Mara ile ile, upande wa pili, vijana wakapiga ngoma na kinanda cha umeme, wakaanza wimbo wao wa furaha. Hakuna aliyetaka kunyamaza. Kwa muda wa beti mbili nzima Mutoto Yezu aliimbiwa na majeshi mawili yanayopigana. Watu wa katikati walifunga midomo. Padri alisimama mbele ya altare, akatazama chini, akangoja. Misa ilipokwisha, wakubwa wa korali hizi mbili walitoka kwa milango miwili, na hawakupeana mukono kwa mwaka muzima. Sisemi haya kwa kuwaaibisha. Wao wenyewe wameniruhusu, na mwishoni mutajua kwa sababu gani.

Sasa, mbele ya yote, nataka kusema hivi: kupenda kitu si zambi. Mungu ndiye aliyeumba ulimi, na ulimi haupendi vyakula vyote sawasawa. Ndiye aliyeumba sikio. Mimi mwenyewe, ikiwa munataka kujua, napenda kilatini. Nilikijifunza katika seminari ndogo, na mpaka leo nikisikia neno la kwanza la wimbo ule ninaona tena kapela ya seminari, taa zake hafifu, na wenzangu, ambao wengine wao wamekwisha kufa. Muzee anayeimba kilatini usiku wa Noeli haimbi peke yake. Anaimba pamoja na baba yake aliyemufundisha, na pengine pamoja na mwalimu aliyefundishwa na Mapadri Weupe wa kwanza, wale waliofika Mpala mwaka wa 1885 na Kirungu mwaka wa 1893. Vilevile musichana anayecheza mbele ya altare anacheza kwa miguu ya nkambo wake. Mutu akimuambia muzee, «Acha mambo ya wazungu,» ao akimuambia musichana, «Acha kelele za kipagani,» hakugusa wimbo tu. Amegusa wafu wa mwenzake.

Lugha yetu ina maneno mawili ya ukoo mumoja: mapendezi na mapendo. Mapendezi ni yale yanayonipendeza mimi. Mapendo ni yale ninayomutolea mwenzangu. Maneno haya yametoka katika tumbo moja, na kama ndugu wengi wa tumbo moja, hayapatani kila siku.

Niruhusuni nitoe mufano wa zambi yangu mwenyewe, ili musifikiri kwamba ninahubiri wengine tu.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, nilipokuwa katekista kijana. Padri wa wakati ule alinituma kuongoza sala ya Noeli katika kapela ya mbali, juu ya mulima, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mimi nilitamani sana kubaki hapa katika kanisa kubwa, kwa sababu ya nyimbo, na pia, niungame, kwa sababu ya karamu ya kisha Misa. Nilikwenda na moyo mugumu. Nilifika jioni, nikasoma Evanjili ya Luka, nikahubiri juu ya nyumba ya wageni iliyokosa nafasi. Nilihubiri vizuri, watu walitikisa vichwa. Niliwauliza kwa sauti kubwa: «Ninyi mungalimufungulia mulango?»

Kisha sala walinipeleka katika nyumba ya mama mujane. Aliniletea bukari ya muhogo na sombe. Sombe ile haikuwa na mafuta wala ndakala, na chumvi yake ilikuwa kidogo sana. Mimi, tangu utoto wangu, sombe bila mafuta hainishuki. Nilinawa mikono, nikamega mara moja, nikasema: «Mama, nimeshiba.» Mutu aliyetembea siku nzima, ameshiba! Alijua ni uongo. Hakusema neno. Alichukua sahani kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama desturi yetu, akatoka. Nje nikasikia mutoto wake anauliza: «Mama, mwalimu hapendi chakula chetu?» Naye akajibu: «Mwalimu amechoka.»

Nililala na njaa. Asubuhi mukubwa wa kapela, bila kujua yaliyotokea, aliniambia kwamba mama yule alikuwa ameomba chumvi katika nyumba tatu kwa ajili ya mugeni wake. Niliona haya. Lakini sikwenda kumuomba musamaha. Nilijiambia kwamba nitamuaibisha mara ya pili. Labda nilijitafutia sababu tu. Niliporudi huko mwaka uliofuata, alikuwa amehamia kwa ndugu zake mahali pengine, na sikumuona tena.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale, «Mwalimu amechoka.» Mimi nilikataa chakula chake, naye akanifunika mbele ya mutoto wake. Alinipa sababu nzuri ambayo sikuwa nayo. Ikiwa kuna mutu aliyefungua mulango usiku ule, ni yeye. Muhubiri wa mulango alikuwa ameufunga.

Sasa twende Betlehemu. Luka anasimulia mambo machache: hesabu ya watu kwa amri ya Augusto, safari kutoka Nazareti, muzaliwa wa kwanza, nguo za kitoto, hori la wanyama. Hatusikii Yozefu akidai nafasi ya heshima kwa kuwa ni mutu wa ukoo wa Daudi. Hatusikii Maria akilalamika. Kila mama aliye hapa anajua angependa kuzaa wapi: karibu na mama yake, kati ya wanawake wa ukoo wake, maji ya moto yakiwa tayari. Nazareti ilikuwa mbali. Na Neno wa Mungu, ambaye peke yake kati ya watoto wote angeweza kuchagua nyumba yake na saa yake, alichagua kupokea kile kitakachopatikana. Hori halikutengenezwa kwa ajili yake. Wageni wake wa kwanza walikuwa wachungaji, ambao hakuna mutu wa muji aliyewaalika, waliofika usiku wakinuka kondoo. Pengine mama aliyetoka kuzaa angependa kulala. Walipokelewa. Kisha wakafika Mamajusi na zahabu, uvumba na manemane. Ni zawadi gani hizo kwa mutoto muchanga? Mama mumoja wa Legio Maria aliniambia siku moja kwamba yeye angependa walete sabuni. Lakini Matayo haandiki kwamba zawadi zilirudishwa.

Eklezya inaita jambo hili neema. Mungu hakungoja tuwe watu wa kumupendeza ndipo aje. Kama naweza kusema hivyo bila kukosa heshima, mapendezi yake yalikuwa sisi, pamoja na harufu yetu.

Mutume Paulo alipowaandikia wakristu wa Roma alikuta kesi inayofanana na zetu. Musome nyumbani sura ya 14. Wamoja walikula kila kitu, wengine walikula mboga tu. Wamoja waliheshimu siku fulani kupita nyingine, wengine waliona siku zote kuwa sawa. Paulo alikuwa na mawazo yake juu ya vyakula, wala hakuyaficha. Lakini hakutumia barua yake ili kikundi kimoja kishinde. Aliwakataza kuzarauliana na kuhukumiana, kwa sababu Mungu alikuwa amekwisha kuwapokea. Angalieni vizuri: mboga haikuwa zambi. Zarau ndiyo ilikuwa zambi.

Mutakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye tunamukumbuka kwa pango la Noeli alilotengeneza kule Greccio mwaka wa 1223, alikuwa mutu wa kufunga. Kufunga ndiko kulimupendeza. Tommaso wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mara moja Noeli ilianguka siku ya tano, siku ya kuacha nyama, na ndugu mumoja akaanza kueleza sheria. Fransisko alimukemea. Alitaka siku ile hata kuta za nyumba zile nyama, na kama haziwezi, zipakwe nyama kwa nje! Alitaka matajiri wawashibishe maskini, na ngombe na punda wapewe majani kupita desturi. Mimi sisemi tupake kuta za parokia, sakristani hatanisamehe. Nasema tu kwamba mufungaji yule aliacha mapendezi yake ili wengine wale.

Hapa pengine mutu ataniuliza: basi, Mwalimu, kila kitu ni sawa? Hapana. Imani si mapendezi. Ubatizo, ndoa takatifu, haki ya maskini, hayo hatuyapimi kwa ladha ya ulimi wetu. Tukichanganya mambo hayo mawili tunaharibu yote mawili: wengine wanatetea wimbo kama kwamba ni Nasadiki, na wengine wanachezea Nasadiki kama kwamba ni wimbo.

Wazee wetu walijifunza kutenga hayo kwa njia ngumu. Vijana hawajui, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Mwaka wa 1972 serikali ya Zaire ya wakati ule ilikataza majina ya kikristu ya kigeni, na kila mutu akalazimishwa kutafuta jina la wankambo. Mwaka wa 1974 ikaondoa Noeli katika siku za kupumzika. Tarehe 25 desemba ya mwaka ule, iliyoanguka siku ya tatu ya juma, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Masomo ya dini yakaondolewa shuleni, na shule zenyewe zikachukuliwa na serikali, mpaka mapatano ya mwaka wa 1977 yalipozirudisha katika uongozi wa makanisa. Parokia yetu ni mutoto wa miaka ile.

Mimi sikuwa nimezaliwa bado, lakini wazee wanasimulia. Karani alikwenda ofisini, mufanyakazi wa bandari alibeba mizigo, muvuvi peke yake alikuwa na uhuru wake. Jioni wakaja kusali wakiwa na nguo zao za kazi. Hapakuwa na kikwembe cha sikukuu, wala wengi hawakupata wakati wa kupika. Nilimuuliza muzee mumoja, ambaye leo ana maneno mengi sana juu ya nyimbo: «Baba, usiku ule muliimba nini?» Alinyamaza, kisha akajibu: «Sikumbuki. Nakumbuka tulikuwa wengi.»

Nisipite bila kusema juu ya jirani zetu. Ndugu wa Kanisa la Kimbangu, tangu mwaka wa 1999, wanafanya Noeli yao tarehe 25 mei. Wakopti wa Misri wanaifanya tarehe 7 januari. Maandiko Matakatifu hayataji tarehe. Habari ya kale kabisa ya sikukuu ya 25 desemba kule Roma ni ya mwaka wa 336. Nasema haya kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu mukristu wetu akimuchekelea jirani mwezi wa mei: «Noeli yenu imepotea njia.» Sisi tunashika kalenda ya Eklezya yetu kwa furaha na bila mashaka. Lakini jirani anayekuletea sahani mwezi wa mei haleti mabishano ya kalenda. Analeta sahani. Waislamu wa muji huu wanatutumia nyama siku ya Idi, na wengi wao wanatupa mukono siku ya Noeli, wakijua vizuri kwamba hatusemi sawa juu ya Yezu, ingawa katika Korani yao kuna sura nzima yenye jina la Maria. Mutu anayekupongeza katika sikukuu ambayo si yake ametoka katika nyumba yake ili asimame mulangoni pako. Utamuambia arudi kwa sababu hakutumia maneno unayoyapenda?

Turudi sasa katika kesi ya korali. Mutaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka wa 1963, ulilinda kilatini, na katika hati ile ile ukafungua mulango kwa lugha na muziki wa mataifa. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali Kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire, ambacho Kardinali Malula na maaskofu wenzake walikitafuta miaka mingi. Tarehe 3 julai 2022 marehemu Baba Mutakatifu Fransisko aliongoza Misa ya namna hiyo katika kanisa la Mutakatifu Petro, pamoja na Wakongomani wanaoishi Roma. Nyimbo zetu na michezo yetu ziliingia katika nyumba ya kilatini, na nyumba haikuanguka. Kwa hiyo hakuna korali kati ya hizi mbili inayoweza kusema kwamba Eklezya ni yake peke yake.

Lakini kitabu kile cha 1988 kina jambo lingine, ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Katika Misa hiyo toba haiko mwanzoni. Tunaita kwanza Bikira Maria, watakatifu na wankambo wenye moyo wa haki. Tunasikiliza Neno la Mungu na mafundisho. Ndipo tunatubu, na mara moja tunapeana amani. Matoleo yanakuja nyuma ya amani. Mutu asiyemupa mwenzake mukono hana njia ya kupeleka ndizi zake altareni. Atasimama nazo pale katikati.

Mwaka jana, usiku wa Noeli, hapo ndipo jambo lilipotokea. Padri alituomba tupeane amani. Mukubwa wa korali ya wazee alitoka katika nafasi yake, akavuka njia ya katikati kwa fimbo yake, akapita kati ya ngoma tatu, akamupa mukono kijana anayeongoza korali ya pili. Hakusema kitu. Kijana akapiga magoti kidogo na kuupokea mukono ule kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa karibu na pango, nikamukumbuka mama yule wa mulimani na sahani yake. Kisha komunyo vijana walinyamaza mpaka Adeste ikaisha yote. Na walipoanza wimbo wao wenyewe, niliona muguu wa muzee unapiga chini, ingawa yeye mpaka leo anakana.

Kwa Noeli inayokuja wakubwa hawa wawili wamekubaliana hivi, na wameniomba niwatangazie. Mazoezi ya pamoja yatakuwa siku ya Posho, saa tisa, katika shule. Vijana watajifunza ubeti wa kwanza wa kilatini, na mimi nitawaeleza maana yake neno kwa neno. Wazee watajifunza kiitikio cha wimbo wa vijana, kucheza, hawakuahidi. Chakula cha kisha Misa kitakuwa kimoja kwa wote, na kila shirika litaleta kile lilicho nacho. Atakayeketi karibu nami asishangae akiniona ninakula sombe bila mafuta.